Dawa ya Mtoto Shuleni: Nani Aiweke, Nani Aimeze, na Sheria Inasemaje

Kila muhula unapofunguliwa, masanduku ya wanafunzi wa bweni hukaguliwa langoni. Katika shule zetu za Kapseret, kuanzia Langas na Kipkenyo hadi Ngeria, Megun na Simat, walimu na matroni hukuta vitu vya kawaida: sabuni, vitabu, biskuti. Mara nyingi hukuta pia dawa. Nyingine zimo ndani ya pakiti yenye jina la mtoto na maelezo ya hospitali. Nyingine zimefungwa kwenye karatasi au kutiwa katika chupa ya dawa tofauti, na mtoto mwenyewe hawezi kueleza ni za nini.

Hapo ndipo makosa mawili hutokea. La kwanza ni kuacha dawa zipite bila mtu yeyote shuleni kujua zipo. La pili ni kuzichukua zote na kuzifungia afisini, hata zile ambazo mtoto hawezi kukaa usiku mmoja bila kuzitumia. Yote mawili yanaweza kumgharimu mtoto maisha. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini kuhusu mwanafunzi kuwa na dawa, kuhusu kumpa mwenzake dawa hiyo, na kuhusu wajibu wa mzazi, shule na duka la dawa.

DAWA ZOTE SI SAWA MBELE YA SHERIA

Ili kuelewa sheria, gawanya dawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni dawa ambazo mtu mzima anaweza kununua dukani bila karatasi ya daktari, kama vile parasetamoli ya maumivu ya kichwa au dawa ya kiungulia. Kuwa nazo si kosa la jinai. Hata hivyo, shule inaweza kuweka kanuni yake kwamba mwanafunzi asikae nazo bwenini, na mwanafunzi anapaswa kuifuata.

Kundi la pili ni dawa zinazotolewa kwa agizo la daktari. Hizi zinasimamiwa na Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Dawa na Sumu. Wengi hushangaa kwamba sheria inaziita dawa hizi sumu. Jina hilo limekusudiwa. Dawa inayomponya mgonjwa mmoja kwa kipimo sahihi inaweza kumdhuru mwingine, au hata mgonjwa huyohuyo akizidisha kipimo. Kwa hiyo sheria inataka iuzwe na mtu aliyeidhinishwa, kwa karatasi iliyoandikwa na daktari, yenye tarehe, sahihi na jina la mgonjwa.

Kundi la tatu ni dawa zinazodhibitiwa zaidi kwa sababu zinaweza kulevya au kumfanya mtu awe mtumwa wake. Humu zimo dawa kali za maumivu kama mofini, na dawa za kutuliza na kuleta usingizi za jamii ya diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitoni, zimo katika orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Hapa nchini kundi hili linasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya na Dawa Zinazoathiri Akili ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Vidonge ambavyo vijana mitaani huviita bugizi ni vya kundi hili.

Tofauti ya makundi haya ni muhimu. Mtoto aliyekutwa na vidonge viwili vya parasetamoli na mtoto aliyekutwa na pakiti ya vidonge vya usingizi visivyo na jina hawako katika hali moja, na shule haifai kuwashughulikia kwa njia moja.

KUWA NA DAWA: LINI NI HALALI?

Kwa dawa za kundi la pili na la tatu, swali la kwanza la sheria ni hili: dawa hii imetolewa kwa ajili ya nani?

Aliyeandikiwa dawa na daktari, akaipata kwa njia halali kwa matibabu yake mwenyewe, hana kosa kuwa nayo. Hata Sheria ya 1994, ambayo ni kali sana, inasema wazi kwamba kosa la kumiliki halimhusu mtu aliyepata dawa hiyo kwa matibabu kupitia agizo la daktari. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kifafa, mwenye karatasi ya hospitali na pakiti yenye jina lake, si mhalifu. Asichukuliwe hivyo langoni wala mbele ya wenzake.

Hali hubadilika pale dawa inapokuwa mikononi mwa mtu ambaye haikuandikiwa. Pakiti ya dawa ya usingizi ya nyanya, iliyochukuliwa kabatini na mjukuu, si halali tena inapokuwa mfukoni mwa mjukuu huyo. Kuwa dawa ilinunuliwa kihalali hapo mwanzo hakumlindi aliyeichukua. Agizo la daktari halirithiwi wala haliazimwi.

Ndiyo sababu pakiti asili ni muhimu sana. Jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo na mahali ilipotolewa ndivyo vinavyomlinda mtoto. Mzazi anayemwaga vidonge katika karatasi ya daftari ili visichukue nafasi sandukuni anamwondolea mwanawe ushahidi huo.

KUGAWANA: «NILIMSAIDIA TU»

Watoto wetu wamefunzwa kugawana. Mwanafunzi akimwona mwenzake anaumwa, humpa alicho nacho, na nia yake ni njema. Lakini kwa dawa za kundi la tatu, sheria haingojei pesa ibadilishane mikono. Sheria ya 1994 inapoeleza maana ya ulanguzi, inataja kununua na kuuza, na pia inataja kutoa, kusambaza, kuhifadhi, kusafirisha na hata kumwekea mtu dawa mwilini. Mwanafunzi anayempa mwenzake kidonge cha usingizi bila malipo anaweza kujikuta amefanya jambo ambalo sheria inaliita kwa jina hilo zito. Adhabu kwa mtu mzima anayepatikana na hatia ya ulanguzi ni faini ya mamilioni na kifungo cha miaka mingi.

Kwa dawa za kundi la pili, Sheria ya Dawa na Sumu imeweka utoaji wake mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa. Mwanafunzi si mtaalamu huyo, wala kiranja wa bweni, wala mpishi, wala mwalimu wa zamu anayegawa vidonge vilivyobaki kutoka kwa mgonjwa wa muhula uliopita.

Wanafunzi wanaofikisha miaka 18 wakiwa bado sekondari wajue jambo moja zaidi. Sheria inawahesabu kuwa watu wazima. Ulinzi wa mtoto tutakaoueleza baadaye hautawafunika.

KWA NINI SHERIA IKAWA KALI HIVI

Anayefikiri kwamba huu ni ukali wa bure na atazame kile kinachotokea mwilini.

Septrin hutolewa hospitalini kila siku. Kwa baadhi ya watu wenye mzio wa dawa za jamii ya salfa, kidonge kilekile kinaweza kusababisha ngozi kubabuka na kuhatarisha maisha. Mwanafunzi anayempa mwenzake hajui kama ana mzio huo, na huenda hata mwenzake mwenyewe hajui. Penisilini na amoksilini nazo zina hatari ya namna hiyo.

Ibuprofeni, ambayo wengi huinywa kwa maumivu ya hedhi au ya mechi, inaweza kuamsha shambulio la pumu kwa baadhi ya wenye ugonjwa huo. Aspirini haifai kupewa mtoto wa chini ya miaka 16 isipokuwa daktari ameagiza, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa adimu lakini hatari unaoshambulia ubongo na ini. Parasetamoli yenyewe, dawa tunayoiona ndogo, huharibu ini ikizidishwa. Na kuizidisha ni rahisi, kwa kuwa imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtoto anaweza kunywa parasetamoli kutoka kwa rafiki mmoja na dawa ya mafua kutoka kwa rafiki mwingine bila kujua amekunywa kitu kilekile mara mbili.

Dawa za kuua bakteria zinapogawanywa, hasara ni ya pande zote. Aliyepewa vidonge vitatu haponi. Aliyetoa hakumaliza kipimo chake. Bakteria waliosalia hujifunza kuistahimili dawa, na siku nyingine wakimshambulia mtoto yeyote kijijini, dawa hiyo haitafanya kazi.

Kisha kuna yule mwenye dawa. Chukua mfano wa msichana mwenye kifafa katika shule ya bweni. Muhula una wiki 13, yaani siku 91. Anakunywa kidonge kimoja kila usiku, na mamake amemwekea vidonge 91. Wenzake wasioweza kulala kabla ya mtihani wanamwomba, naye kwa huruma au kwa kushurutishwa anawapa kumi. Hao kumi waliochukuliwa ni usiku kumi mwisho wa muhula ambapo hana kinga. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko awali, naye anaweza kuanguka bafuni, kwenye ngazi, au akiwa kitandani pa juu. Kugawana dawa kumewadhuru waliopokea na kumhatarisha zaidi aliyetoa.

Tatizo hili si la Kapseret pekee. Utafiti wa NACADA katika shule za msingi nchini ulionyesha kwamba mwanafunzi mmoja hivi kati ya kila watano aliwahi kutumia angalau aina moja ya kileo au dawa isiyofaa, na dawa za hospitali zilitajwa pamoja na pombe na tumbaku. Nchini Nigeria, serikali ililazimika mwezi Mei 2018 kupiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini baada ya vijana wengi kuzitumia kama kileo. Ilikuwa dawa ya kikohozi, iliyonunuliwa dukani, iliyokuwa kabatini nyumbani.

MTOTO MGONJWA ANA HAKI

Upande wa pili wa sheria husahaulika mara nyingi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya na ya elimu ya msingi, na kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia wajibu huo kwa mzazi na kwa serikali.

Maana yake ni kwamba kanuni ya shule inayosema «hakuna dawa yoyote shuleni» haiwezi kusimama ikiwa inamnyima mgonjwa matibabu. Mtoto mwenye pumu anahitaji inhela karibu naye, kwa sababu shambulio la pumu halingoji matroni atafute ufunguo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji insulini kila siku. Mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kifua kikuu, wote wana dawa zisizoruka siku.

Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza shule kumnyima nafasi, kumfukuza, kumtenga au kumwadhibu kwa sababu ya hali yake. Sheria hiyo pia inalinda siri ya hali yake. Mwalimu anayesoma kwa sauti majina ya dawa za mtoto mbele ya foleni ya langoni anaweza kuwa amevunja haki hiyo kwa sentensi moja. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Daftari la dawa la shule si la kuachwa wazi juu ya meza ya chumba cha walimu.

SHULE IFANYE NINI

Sera ya afya shuleni ya taifa, iliyotolewa mwaka 2009 na kupitiwa upya mwaka 2018, inaitaka shule ijali afya ya mwanafunzi, wala isiishie kwenye masomo. Katika suala la dawa, utaratibu ufuatao unaweza kufanywa na shule yoyote, hata isiyo na muuguzi wake.

Kwanza, shule iandike kanuni ya dawa na kuwapa wazazi kabla ya muhula kufunguliwa. Kanuni iseme nani anapokea dawa, zinawekwa wapi, na mwanafunzi anazipata saa ngapi.

Pili, mzazi ajaze fomu fupi yenye jina la mtoto, ugonjwa, dawa, kipimo, saa za kunywa, dalili za hatari, simu ya mzazi na kliniki anayohudhuria. Mzazi atie sahihi ya kuruhusu shule imsaidie mtoto kunywa dawa hiyo.

Tatu, dawa zihesabiwe mbele ya mzazi au mtoto, ziandikwe katika daftari, na ziwekwe katika kabati lenye kufuli, lisilopigwa na jua. Insulini ambayo haijafunguliwa iwekwe kwenye friji, isigandishwe. Ufunguo uwe na watu wawili wanaojulikana, mmoja wao akiwa shuleni usiku.

Nne, kila kidonge kinapotolewa kiandikwe: siku, saa, jina la aliyetoa. Mtoto ameze palepale. Idadi iliyobaki ikipishana na daftari, tatizo linaonekana siku hiyohiyo, kabla muhula haujaisha.

Tano, dawa za dharura zisifungiwe. Inhela ikae na mwenyewe, kwa barua ya daktari, na nyingine ya akiba iwe afisini. Walimu wa darasa, wa michezo na wa zamu wajue ni mtoto yupi anaihitaji, bila kutangaza.

Wapo walimu wanaoogopa kugusa dawa kabisa wakidhani watashtakiwa. Mwalimu anayemsaidia mtoto kunywa dawa yake mwenyewe, kwa maelekezo ya hospitali na kwa idhini ya mzazi, hafanyi biashara ya dawa. Anafanya kile ambacho mzazi angefanya nyumbani. Walimu wamekuwa wakitoa dawa za minyoo kwa maelfu ya watoto katika mpango wa taifa wa kutibu minyoo shuleni, kwa sababu wamefunzwa na wanafuata utaratibu. Kilicho hatari ni mwalimu kuamua mwenyewe kwamba mtoto fulani apewe dawa fulani. Kuamua dawa ni kazi ya daktari.

MWANAFUNZI AKIKUTWA NA DAWA ISIYO YAKE

Jambo la kwanza ni afya, adhabu baadaye. Muulizeni: umekunywa? Ngapi? Saa ngapi? Nani mwingine amekunywa? Ikiwa kuna aliyekunywa na anasinzia kupita kawaida, anatapika, anapumua polepole au amechanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti ya dawa. Asitapishwe kwa nguvu wala kunyweshwa maziwa kwa kudhani yatavunja sumu. Aliyemeza parasetamoli nyingi apelekwe hata kama anaonekana mzima, kwa sababu ini huweza kuharibika siku kadhaa baadaye. Mtoto atakayeogopa kupigwa hatasema ukweli, na ukweli huo ndio daktari anaouhitaji.

Pili, wazazi wa pande zote waitwe siku hiyo.

Tatu, nidhamu ifuate sheria. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko na kila adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi. Anayekivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Kifungu cha 35 hakiruhusu mwanafunzi kufukuzwa kiholela. Kufukuzwa ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindwa, na baada ya mtoto na mzazi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa. Barua ya «usirudi tena» iliyoandikwa jioni ileile haitimizi masharti hayo.

Nne, polisi. Mwanafunzi akiuza vidonge, au akikutwa na kiasi kikubwa cha dawa za kundi la tatu, mwalimu mkuu ana sababu ya kuwaita maafisa, na dawa hizo zihifadhiwe kama zilivyo ili ziwe ushahidi. Hata hapo, mtoto ana ulinzi. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Aliye na miaka 12 lakini hajafika 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, hadi mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Kwa wakubwa zaidi ambao hawajafika 18, sheria imeweka njia ya kumwepusha mtoto na kesi kwa ushauri nasaha, usimamizi wa mzazi na hatua nyinginezo. Katiba inasema mtoto azuiliwe tu pale ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atenganishwe na watu wazima. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ahusishwe mapema.

Tano, tafuteni chanzo. Kidonge kilitoka wapi? Kabatini nyumbani, kwa mwendeshaji boda boda langoni, au katika duka linalouza bila kuuliza? Kumwadhibu mtoto mmoja na kuliacha duka likiendelea kuuza ni kufagia sakafu huku bomba likivuja.

KWA WENYE MADUKA YA DAWA

Tunawakumbusha wenye maduka ya dawa ya Langas, Kapseret na maeneo jirani kwamba sare ya shule si agizo la daktari. Mtoto akija kununua dawa za usingizi, dawa kali za maumivu au dawa ya kikohozi yenye kodeini, asiuziwe. Duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu hubandika msimbo wake wa usalama mahali ambapo mteja anauona. Mwananchi akiona duka lisilo nao, aarifu afisi ya afya ya kaunti ndogo au chifu. Dawa pia hazipaswi kuuzwa kwa kutembezwa sokoni au ndani ya matatu.

KWA MZAZI NA MLEZI: KABLA YA KUFUNGA SANDUKU

Hakikisha mambo haya:

1. Dawa imo katika pakiti yake asili, yenye jina la mtoto.
2. Karatasi ya daktari au nakala ya kadi ya kliniki imo, na shule imepewa nakala.
3. Umehesabu vidonge na kuandika idadi. Weka vya kutosha muhula wote, au panga tarehe ya kuongeza.
4. Tarehe ya mwisho ya matumizi haitapita kabla shule kufungwa.
5. Umemkabidhi mwalimu au matroni dawa hiyo mkononi. Usimpe mtoto mwingine wala mwendeshaji boda boda aifikishe.
6. Umezungumza na mwanao. Mwambie wazi: dawa hii ni yako peke yako, hata rafiki wa dhati usimpe. Na ukipewa kidonge na yeyote, kataa, uje kwangu au kwa mwalimu. Sitakukasirikia kwa kuniambia.
7. Kabati la nyumbani limefungwa. Dawa zilizobaki au zilizopitwa na wakati rudisha hospitalini au kwenye duka la dawa. Usizitupe jaani ambapo watoto huokota.

Mlinde pia mtoto mwenye dawa dhidi ya kushurutishwa. Wanaougua hudhihakiwa, na wengine hutoa vidonge vyao ili waachwe kwa amani. Mzazi akiona vidonge vinaisha haraka kuliko hesabu, aulize kwa upole kwanza.

NANI ANASHUGHULIKIA NINI

Wananchi wengi hawajui wapeleke malalamishi yao wapi. Kwa mujibu wa Nyongeza ya Nne ya Katiba, hospitali na zahanati za kaunti, maduka ya dawa, na elimu ya chekechea ni majukumu ya kaunti. Udhibiti wa dawa za kulevya pia umetajwa miongoni mwa kazi za kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Elimu, na walimu wake chini ya tume ya kuwaajiri walimu, TSC.

Kwa hiyo mtoto akinyimwa dawa au akifukuzwa shule ya msingi au sekondari bila kusikilizwa, anza kwa mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi wa shule, kisha afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kwa swali la dawa, kipimo au madhara, nenda zahanati iliyo karibu au muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kwa hali nzito, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret iko wazi usiku na mchana.

Kwa msaada wa simu bila malipo: NACADA, 1192, kwa ushauri kuhusu matumizi ya dawa na vileo, simu ya watoto, 116, kwa mtoto au mtu mzima anayehofia usalama wa mtoto, polisi, 999, wakati wa dharura.

Muhula huu, kila mzazi na achukue dakika kumi kukaa na mwanawe na pakiti ya dawa mezani, wasome pamoja maandishi yaliyo juu yake. Na kila shule ambayo bado haina daftari la dawa inunue moja wiki hii. Bei yake ni ndogo, na huenda likamwokoa mtoto.